Debe la Mbegu la Ketrina Nalwimba

Ketrina Nalwimba ni binti wa Osea Silwimba, maana huko binti wa Silwimba huitwa Nalwimba, na Osea ni mwana wa Hezron Silwimba. Hezron ndiye aliyekwenda kwa miguu mpaka kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akakaa miaka sita akichimba, akarudi na cherehani kichwani wakati wenzake wamerudi na kofia. Osea ndiye aliyepanda kahawa kwenye mteremko mzima wa juu ya kijito, huko Isansa, majirani wakimcheka kwamba analima vichaka visivyopikika. Waliomcheka ndio waliokuja baadaye kuomba miche. Mama yake Ketrina, Restuta, alibeba tofali za ukuta wa mbele wa kanisa akiwa na mimba ya miezi minane, na mimba hiyo ndiyo Ketrina mwenyewe.

Yeye naye hakukaa bure. Mke wa marehemu Gibson Nzunda, mama wa watoto saba, watatu amewazika. Ndiye aliyewaongoza wanawake kumi na tisa wenye majembe kulizuia lori la mnunuzi wa kahawa aliyekuja na mzani wa kuiba. Dereva alilala ndani ya lori siku mbili, akala viazi walivyompikia wao wenyewe waliomzuia, mpaka mzani mwingine ulipoletwa. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kanisa miaka kumi na minane. Na ndiye aliyesoma habari za Zaituni na Injinia wa reli mara arobaini na tatu, kwa siri, mpaka Jumapili ya mavuno ya mwaka juzi.

Mambo hayo yalianzia Tunduma, mwaka wa vita vya Uganda. Chumvi ilikuwa imepotea kabisa, sabuni usiseme, na mtu aliyetaka kupika mboga zenye ladha ilimbidi aende mpakani akajitafutie. Ketrina alikwenda na Edson mgongoni, kifungua mimba wake. Njaa ilipombana akanunua maandazi kwa mama mmoja wa ng'ambo, yule mama akachana karatasi kwenye kitabu, akafunga.

Sasa Ketrina ni mtu wa kusoma chochote chenye herufi. Alimaliza darasa la saba wakati wasichana wa rika lake wengi waliishia la nne, na tangu hapo hakupita mbele ya maandishi bila kuyasoma: mfuko wa saruji, kopo la dawa ya kahawa, tangazo la mkutano uliokwisha pita. Kwa hiyo alikula maandazi, akaisoma karatasi. Ndani yake kulikuwa na treni inataka kuondoka, na msichana Zaituni amesimama na kasha lake, na Injinia mwenye shati jeupe amemshika mkono. Injinia akasema, "Zaituni, reli hii yote nimeijenga mimi, lakini sijawahi kusafiri. Safari yangu inaanza leo, kama wewe..."

Hapo karatasi ikaisha.

Ketrina alirudi mbio mpaka mtoto akalia. Akamkuta yule mama anamfungia mteja mwingine.

"Mama, usichane tena! Kitabu hicho nakitaka."

"Awe, hapana! Karatasi za biashara hizo."

"Niuzie zote. Na hiyo ya huyu baba pia."

"Yangu nimeshaipaka mafuta," yule mteja akasema.

"Hivyo hivyo nipe. Maandazi yako ufunge kwa majani."

Alirudi Isansa na nusu ya chumvi aliyotumwa. Mama mkwe wake alipouliza nusu nyingine iko wapi, Ketrina alisema imelowa njiani. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Kitabu kilikosa kurasa tisa za mwanzo, zilizokwisha kuliwa na wapenda maandazi wa Tunduma, na mpaka leo hajui Zaituni na Injinia walionana wapi mara ya kwanza. Amewaweka kisimani. Ameona panawafaa.

Baada ya hapo kila aliyeshuka Tunduma kwa shughuli zake, Ketrina alikuwa wa kwanza kujitolea kumsindikiza. Akapata kile cha Nesi, akapata cha Mapacha, akapata kile cha Mjane wa Tanga ambacho jalada lake lina mwanaume amevaa suruali pana ya bugaluu na mwanamke mwenye nywele kubwa kama kapu, chozi moja linamshuka shavuni, moja tu, shavu la kushoto. Pamoja na kimoja ambacho hakukinunua, vikafika kumi na moja. Majina yake yaliyoandikwa juu hakuyatumia, maana majalada mengine yalikwisha toka. Aliviita kwa watu wake, kama unavyoita nyumba za majirani.

Wala usidhani alidanganyika. Alijua vinavyokwenda. Msichana maskini ila msafi. Mwanaume mwenye kazi nzuri na huzuni. Karibu na katikati anatokea mama wa kambo, au shangazi, au mchumba wa zamani mwenye rangi ya mdomo, barua inaibiwa. Kisha ajali ya gari, kisha hospitali, bandeji ya macho, mtu anasema "sauti hii naijua", kisha ndoa. Vyote kumi na moja vinakwenda hivyo, hakuna hata kimoja kilichojaribu njia nyingine. Na Ketrina ndicho alichokitaka hicho. Mambo ya kushtukiza alikwisha pewa ya kutosha bila kununua kitabu: mtoto aliyelala na homa ndogo asiamke, mwaka kahawa ilipokauka na matunda mtini, Gibson aliyekwenda kukata mti wa kuni akarudishwa amelazwa juu ya mlango, amekwisha kufa. Mtu wa namna hiyo akishika kitabu anataka kujua kwamba Injinia atapona macho.

Tena humo wanaume walikuwa wanasema. Gibson alikuwa mume mwema, hakumpiga, hakunywea pombe pesa ya kahawa, lakini katika miaka thelathini na moja neno refu kuliko yote alilomwambia lilihusu jembe. Humo ndani mwanaume anaanza kusema ukurasa wa hamsini na mbili, ukifunua ukurasa wa hamsini na tatu bado anasema. Ketrina alikuwa anasoma kurasa hizo taratibu kama mtu anayeota jua.

Gibson mwenyewe hakujua kusoma. Kwa sababu kitabu kimoja kilikuwa na nesi juu, aliamini vyote ni vya uzazi na malezi, akawa anawaambia watu kilabuni, "Mke wangu anasoma udaktari pole pole." Ketrina hakumsahihisha. Alicheka peke yake jikoni.

Wengine wote aliwaficha. Kanisani ilisemwa wazi kwamba vitabu vya mapenzi ni uchafu, ni kazi ya wasichana wasio na malezi, na Ketrina alipopewa uenyekiti yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kusema. Vitabu aliviweka kwenye debe la mbegu. Humo hapana panya anayeingia, kwa kuwa ni bati, na hapana mtu anayeingia pia, kwa kuwa mahindi ya mbegu hayaguswi na mkono wa mtu mpaka mvua ya Novemba inyeshe, na mwenye kuyagusa ni mama wa nyumba peke yake. Vitabu chini, gunia kuukuu juu yake, halafu mahindi yaliyochaguliwa punje kwa punje. Miaka zaidi ya arobaini siri ilikaa hapo.

Sasa kuna jambo moja hapa ambalo Ketrina hakujivunia, na lazima lisemwe. Miaka kumi na miwili kabla ya Jumapili ile, alimkamata binti mmoja wa kwaya, Ikupa, akisoma kitabu cha namna hiyo hiyo nyuma ya kanisa wakati wa mazoezi. Alikuwa kidato cha pili. Ketrina alimnyang'anya mbele ya kwaya nzima, akamsema mpaka mtoto akaishiwa machozi, na Ikupa akakalishwa benchi la nyuma miezi mitatu. Baada ya wiki aliuliza kwa adabu kama anaweza kurudishiwa, maana kilikuwa chake, amekinunua kwa pesa yake. Ketrina akamjibu, "Nimekitumbukiza chooni."

Hakukitumbukiza. Alikuwa amekwisha kukisoma mara mbili. Ndicho kile cha Mapacha wa pili, nacho kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza.

Jumapili ya mavuno, basi. Wanaojua kanisa la kule wanajua siku hiyo inavyokwenda. Watu wanaleta mahindi, maharage, kahawa, ndizi, kuku, wanaweka mbele pasipo jina, maana sadaka ya mavuno haitangazwi ni ya nani. Baada ya ibada vyote vinatolewa nje, vinanadiwa, na mtu hata akinunua ndizi zake mwenyewe anashangiliwa. Mnadi ni mzee Isaka, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko bonde la pili. Na Isaka ana kanuni zake mbili alizorithi kwa waliomtangulia. Ya kwanza, nafaka haiuzwi ikiwa ndani ya chombo, inamwagwa mkekani mpaka chini, tangu mwaka ule mtu mmoja alipoweka mahindi mazuri juu na yaliyobunguliwa chini akamdanganya Mungu. Ya pili, kilichokwisha kuwekwa mbele hakirudi nyumbani bila kunadiwa, kiwe nini.

Ketrina alitangulia alfajiri kupamba kanisa na wanawake wenzake. Alimwachia mkwe wake Tupokigwe, mke wa Edson, maneno mawili: "Debe liko stoo. Ulilete." Yalikuwa madebe mawili stoo. Tupokigwe ana miaka kumi na tisa ndani ya nyumba ile na hajawahi kugusa mbegu, kwa hiyo hakujua debe la mbegu linafananaje kwa karibu. Alichukua lililokuwa karibu na mlango, akalibeba kichwani kilomita moja na nusu, akalipanga pamoja na mengine, akaenda kukaa.

Siku hiyo pia lilisomwa tangazo la kwanza la ndoa ya Ikupa. Naam, yule yule, sasa mwanamke mzima wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa kwaya. Mchumba ni Gwamaka wa Itumba, na shangazi yake Gwamaka alikuwa amekuja kutoka huko milimani na wenzake wawili, wamevaa vitenge vipya, wamekaa mbele kabisa, wanamtazama bibi harusi kama mtu anavyotazama mbuzi kabla ya kumnunua.

Nje mnada ukapamba moto.

"Nani ananipa jogoo huyu!" Isaka alikuwa anapiga kelele. "Jogoo huyu anawika saa kumi kamili! Simu yako inaisha chaji, huyu haishi!"

Jogoo akaenda. Mkungu wa ndizi ukaenda. Ikaja zamu ya debe. Ketrina alikuwa amesimama upande wa wanawake, mikono amekunja, na alipoliona lile bonyeo kwenye bati, pale Edson alipolipiga teke utotoni, akajua ni debe la mbegu.

"Mahindi haya, ndugu zangu, tazameni, mtu hapa amechagua punje!" Isaka akaliinamisha debe. Mahindi yakamwagika, meupe kama meno. Likafuata gunia. Kisha vikafuata vitabu, kimoja kimoja, kwa heshima, kile cha Mjane wa Tanga mwisho, kikaanguka chali na bugaluu lake juu.

Kikalipuka kicheko kilichowafanya kuku waruke.

Mzee Jairo akaja mbele. Jairo ni katibu wa baraza la wazee, karani mstaafu, mtu asiyeweza kuona karatasi bila kuikagua. Akaokota kimoja, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili watu wajue ubaya wake. "'Akamvuta karibu, na pumzi yake ikamgusa shingoni kama...' Mungu wangu!"

"Kama nini, mzee?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Endelea, mzee Jairo, usituache hapo!"

"Nyamazeni! Aibu! Kwenye sadaka ya Bwana!" Akaokota kingine, akafunua jalada. Akarekebisha miwani. Akasoma taratibu, "'Mali ya Ikupa. Kidato cha Pili.' Na moyo umechorwa hapa, kwa wino mwekundu."

Kicheko kikakatika kama uzi. Watu wote wakageuka. Ikupa alikuwa amesimama na kwaya yake na joho la kijani, na uso wake ukawa wa mtu aliyemwagiwa maji. Shangazi yake Gwamaka akainama kwa mwenzake akasema neno kwa Kindali, lugha ya kwao, na mwenzake akavuta kitenge begani.

"Kumbe," Jairo akasema. "Mwalimu wa kwaya. Na leo limesomwa tangazo."

"Sijaleta mimi," Ikupa akasema. "Mzee, hicho kitabu... kilitupwa. Kilitupwa zamani."

"Kilitupwa, kisha kikaota jina lako kwenye debe?"

Hapo Ketrina alikuwa na nafasi. Debe halikuwa na jina lake. Tupokigwe alikuwa mbali, anagawa uji. Ikupa alikuwa amemtazama moja kwa moja, kwa kuwa kwaya ile ya zamani ilikwisha tawanyika, na katika watu wote mia mbili na zaidi wao wawili tu ndio waliojua kitabu kile kilikwenda mkononi mwa nani, na hata hivyo Ikupa hakufungua mdomo kumtaja. Alinyamaza kwa adabu. Adabu ile Ketrina ndiye aliyemfundisha, kwa miezi mitatu ya benchi la nyuma. Akiendelea kusimama pale na mikono yake imekunjwa, jioni atakuwa bado mwenyekiti, mbegu atatafuta nyingine, na Ikupa atarudi nyumbani bila mchumba.

Alifungua mikono.

"Jairo, weka chini vitabu vyangu."

Jairo hakuelewa. "Mama Edson, tunashughulikia jambo hapa."

"Ndiyo nalishughulikia. Nimesema weka chini. Vya kwangu hivyo, vyote. Debe ni langu, mahindi ni ya mbegu yangu, mkwe wangu amekosea debe. Na hicho ulichokishika nilimnyang'anya huyu binti akiwa mtoto, nikamdanganya nimekitumbukiza chooni. Nilikuwa nakisoma mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mara kumi na sita. Hicho cha bugaluu ndiyo usiseme."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akajiziba mdomo. Isaka alikuwa ameshika debe tupu, hajui aliweke wapi.

"Bibi Ketrina," mchungaji akasema, kijana mwenye sauti laini, "pengine tuingie ndani..."

"Nimemsema huyu nje, mchungaji, mbele za watu. Acha na hili nilisemee nje." Akamgeukia Ikupa. "Mwanangu. Nilikuonea. Hukuwa na kosa lolote ila ulikuwa na kitabu kizuri na mimi nilikitaka. Nisamehe."

Ikupa alianza kulia, halafu, katikati ya kulia, akauliza, "Mara kumi na sita, bibi?"

"Kile cha Mapacha mwisho wake unanipendeza."

Shangazi yake Gwamaka akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "Basi binti yetu hana neno. Tuendelee na kuku."

"Vichomwe!" Jairo alikuwa amepata nguvu tena. "Vichomwe hapa hapa, moto upo jikoni."

Isaka ndiye aliyemkatalia. Akaweka debe chini. "Mzee Jairo, kwa heshima yako. Kilichomwagwa mkekani kinanadiwa. Mwaka ule nilinadi paka aliyelala kwenye kapu la maharage, na wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyemnunua." Akavuta pumzi. "Nani ananipa vitabu hivi! Vya zamani, havina mchwa!"

"Hicho cha Ikupa kitoe," Ketrina akasema. "Siwezi kutoa sadaka mali ya mtu. Vilivyobaki, naweka bei ya mbuzi."

"Bei ya mbuzi, mara ya kwanza!"

"Mbuzi na kuku!" ikatoka sauti upande wa wanawake.

Watu wakatazama. Alikuwa Ruti, mke wake Jairo, mwanamke ambaye katika mikutano huwa hasemi hata salamu.

"Ruti!" Jairo akasema.

"Mavuno ni ya Bwana, baba Isaya," Ruti akamjibu mumewe, macho yake yakiwa kwenye vitabu. "Na mimi nataka kujua ilimgusa shingoni kama nini."

Walishindana wawili hao, Ketrina na Ruti, mpaka Isaka akatokwa jasho. Ketrina alimaliza kwa kutaja mbuzi wake wawili majike, mmoja akiwa na mimba, na Isaka akapiga debe kwa kiganja: vimeuzwa. Ketrina akapiga magoti mkekani, na magoti yale yana miaka sabini na miwili. Akaviokota mwenyewe, akavifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akavipanga kichwani bila kuvifunga, akatembea navyo njia kuu, kwenye maduka, kwenye vijana wa bodaboda, mpaka nyumbani. Kijana mmoja akapaza sauti, "Bibi, na wewe una mambo!" Akamjibu bila kugeuka, "Ninayo kukuzidi."

Tupokigwe alimfuata nyuma analia. "Mama, nimekuaibisha."

"Umenitua mzigo. Kachemshe chai."

Jumatano aliitwa kwenye baraza la wazee. Wanaume saba, meza moja, Jairo ana daftari. Walimsomea: mwenyekiti wa wanawake, kioo cha mabinti, miaka yote ameficha uchafu. Asimame Jumapili atubu, vitabu viletwe, mambo yaishe.

Mchungaji alikuwa hataki mambo yafike mbali. Alimpenda yule bibi. Akasema, "Labda, wazee wangu, tutazame kwa upole. Bibi ni mjane. Pengine vitabu hivi ni kumbukumbu ya marehemu mzee Gibson, labda alimnunulia yeye. Mtu akishika kumbukumbu ya mume wake, nani atamlaumu?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hata Jairo aliweka kalamu chini. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, ulibaki kupita tu. Angesema "ndiyo" moja na machozi kidogo.

"Hapana," Ketrina akasema. "Gibson hakuninunulia hata kimoja. Hakujua hata kilichomo. Simsingizii marehemu. Nilivinunua kwa mkono wangu, na ninavisoma kwa sababu ninavipenda."

"Lakini bibi, ni hadithi za uongo," mzee mmoja akasema. "Tena zote ni moja. Mtoto wangu ameniambia, zote wanaoana mwisho."

"Wanaoana, ndiyo. Ulitaka wafe? Waliokufa ninao. Hata wewe mwaka jana ulizika nyumbani kwako, nilikuja nikakaa siku tatu. Niambie kama ulipokuwa umekaa pale hukutamani mtu akueleze habari ambayo mwisho wake unaujua ni mzuri."



"Nitasimama Jumapili," Ketrina akaendelea. "Nitatubu kwamba nilimwonea Ikupa, nikasema uongo, nikaketi kwenye kiti nikiwakemea watoto kwa jambo ninalolifanya mwenyewe. Hilo ni dhambi na nimelijua siku nyingi. Kwa hilo natubu, na kwa hilo tu. Kwamba nilisoma, sitatubu. Mkinitenga, nitengeni, nitakuja kusikiliza neno dirishani. Ukuta ule mama yangu aliubebea tofali, nadhani hautanikataa. Na kiti chukueni. Kiti ni cha kukalia. Jairo, andika hayo kama nilivyosema, usiyapige pasi."

Walikaa muda mrefu baada ya yeye kutoka. Hawakumtenga. Kiti walikichukua, na Jumapili alisimama, akatubu lile moja, akaketi benchi la nyuma, mahali ambapo Ikupa aliwahi kuketi. Wapo waliohama benchi lile kwa sababu yake. Wapo waliohamia.

Yule mwenyekiti mpya wa wanawake hamsalimii vizuri mpaka leo. Aliumia, tusidanganyane. Miaka kumi na minane si mchezo. Lakini Jumapili ile ile alivuta kiti cha uvivu barazani, mchana kweupe, mbele ya njia, akafungua kile cha Nesi, na kila aliyepita akaona.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kikundi cha Ketrina na wanawake wenzake kuchambua kahawa. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa kwenye vichanja virefu vya wavu, na wanawake husimama pande mbili siku nzima wakitoa punje zilizovunjika na zenye doa. Macho na vidole vina kazi, masikio hayana. Ikupa alikuja kuwasalimu, maana harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili, na alikuwa na kitabu chake mkononi.

"Nimekimaliza tena, bibi. Mimi nilidhani nimekua. Nimelia."

"Utalia na ukiwa na umri wangu." Ketrina hakuinua uso kwenye kahawa. "Itumba kuna kahawa?"

"Ipo kidogo. Huko juu."

"Na wanawake wanachambua?"

"Wanachambua, bibi."

Ketrina akajifuta mikono. Akatoa mfuko chini ya kichanja, ndani yake vimo vitabu vyote kumi, akamwekea Ikupa mikononi, uzito ukamshusha mabega.

"Hivi vinakwenda na wewe. Usiniambie asante, sijakupa zawadi, nimekupa kazi. Ukifika kwa wakwe zako, wiki ya kwanza nyamaza, wakuzoee. Wiki ya pili nenda kwenye vichanja, uwasomee. Mwezi ukiisha, mmoja wao alete kimoja hapa kwa gari la Vwawa, tukikimaliza tutabadilishana na kingine. Kisifichwe. Ukikuta mtu anakificha, mnyang'anye umpe mwingine. Na wale mabinti wadogo wakikaribia kusikiliza, wasogezee nafasi."

"Shangazi yake Gwamaka atasemaje?"

"Yule amekwisha kuniletea salamu anataka cha Mjane wa Tanga. Utaanzia kwake."

Wanawake walikuwa wamesimamisha vidole. Ketrina akawatazama mpaka vidole vikaanza tena.

"Sasa panda hapo kwenye kreti," akamwambia Ikupa, "nikusikie kama unaweza. Geukia huku kwa Ruti, sikio lake la kushoto halisikii. Neno kwa neno, usiruke hata palipo na aibu. Anza."